Kompyuta Iliyoona Haya Mbele ya Wageni

Vijana wangu, kabla hamjafungua hata skrubu moja, tazameni kwanza rimoti. Nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kupanda boda kutoka Arua mjini mpaka Aroi, mvua inaninyeshea, begi la vyombo mgongoni, kwa sababu mwalimu mmoja alinipigia simu akisema kompyuta yake ya kuangalia video imekufa kabisa, picha hakuna, sauti hakuna. Nilifika, nikabonyeza kitufe kimoja, televisheni ikatoka tundu la HDMI moja ikaenda la HDMI mbili, na picha hiyo ikaja. Kumbe mtoto wake wa mwisho alikuwa amekalia rimoti. Mwalimu akanitazama, mimi nikamtazama, tukacheka mpaka mke wake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nikarudi mjini na mfuko wa mihogo na matope mpaka magotini.

Mimi ni Adiru. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimetengeneza vitu vya kuonyesha picha hapa Arua. Nilianza na deki za kanda, zikaja za CD, na mwishoni hizi kompyuta ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, ambazo mtu anazichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, anazijaza filamu, mawaidha, kwaya na harusi za ndugu, anatazama bila kuhitaji intaneti. Sasa nimestaafu, mgongo umekataa. Lakini simu zenu hazijastaafu. Kila siku: Anti, video inakwama. Anti, sauti inakwenda, picha imesimama. Anti Adiru, nimefuta kadi na kuweka programu upya mara tatu, bado. Mara tatu! Nani aliwaroga na huko kufutafuta?

Aliyenifundisha mimi hakuwa na haraka hiyo. Jina lake Mzee Taban, Mnubi wa hapa hapa mjini, mfupi, mwembamba, anavaa kanzu nyeupe hata akichomelea waya, kwa hiyo kanzu zake zote zilikuwa na vitundu vidogo vya moto pale tumboni. Nilimkuta dukani nikiwa msichana, nikafanya kazi chini yake mpaka nikawa mama mzima wa miaka hamsini na kitu, na bado alikuwa ananiita binti. Sikuwahi kukasirika. Huyu mzee alikuwa fundi, jamani! Nimeona mafundi waliosoma, wenye vyeti vimefungwa vioo ukutani, lakini sijaona mwingine kama yeye.

Mteja akileta mashine, Mzee Taban hakuigusa. Anaiacha mezani, anamwangalia mwenye mashine usoni, anauliza: "Iko kataa saa gani? Nyumbani iko kaa wapi? Na nani iko karibu ikianza kataa?" Mimi kwa miaka mingi nilidhani hayo ni maongezi ya wazee tu, ya kupitisha muda. Nilikuwa nimeshika bisibisi tayari, moyoni nasema mzee amalize salamu zake nifanye kazi.

Siku moja akaja mtu wa Ayivu na kompyuta yake ameifunga kwenye kapu la baiskeli. Alisema kila jioni, filamu ikianza kunoga, mashine inajizima na kuwaka upya. Mchana haina neno. Mimi nikaanza: kadi mbovu, programu mbovu, waya mbovu. Mzee akamwuliza jioni nyumbani kuna nini. Yule mtu akafikiri, akasema hakuna kitu, ni watoto tu na majirani. Majirani wamefuata nini? Wanakuja kuchajisha simu. Wapi? Kwenye betri ya sola ile ile. Simu ngapi? Akaanza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia. Mzee akaniangalia na jicho lake moja zuri, maana la pili lilikuwa limeshaanza ukungu, akasema, "Binti, weka bisibisi chini."

Basi likamateni hilo. Mkiona alama ndogo ya radi inatokea kwenye pembe ya skrini, hiyo si filamu, ni mashine inalia njaa ya umeme. Usiipe chaja ya simu ya kuokota. Na memori kadi za mpakani zilizoandikwa namba kubwa nje na ndani hamna kitu, zijaribuni kwanza kwa kuzijaza mpaka juu, kisha mtazame faili la mwisho kama linafungua. Mimi nilinunua kumi nikazigawa kwa wateja. Sitaki hata kukumbuka wiki ile.

Kosa langu kubwa lilikuwa lingine. Kwaya moja ya Ayivu ilileta kompyuta yao, ndani mna video zao zote za Pasaka, na mimi kwa ujuaji wangu nikafuta kadi kabla ya kunakili. Zote zikaenda. Nililia chooni. Jumapili Mzee Taban, Mwislamu na kanzu yake, akanisindikiza mpaka mlangoni pa kanisa, ibada ilipokwisha akasimama na mimi mbele ya wanakwaya, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Sisi tumefuta kazi yenu. Tumekuja omba msamaha." Sisi! Yeye siku niliyofuta alikuwa nyumbani anaumwa malaria. Wale wanakwaya walinuna, halafu wakasamehe, wakaimba upya mbele ya simu yangu. Tangu hapo nikinakili, nanakili mara mbili.

Lakini nilitaka kuwaeleza habari ya Koboko.

Kulikuwa na msichana huko, Zaituni, amelelewa na bibi yake Halima. Wanubi bibi wanamwita Haboba, nami nitamwita hivyo. Zaituni alikuwa anachumbiwa na kijana Rajab, ambaye alikuwa amekwenda nchi ya mbali kufanya kazi ya ulinzi. Msimamizi wa Zaituni alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Khemis, mtu mgumu lakini si mbaya. Alisema hivi: kwa desturi yetu mwanamume anaomba mke kwa mdomo wake, uso wazi, wazee wanamwona macho. Hawezi kuja? Basi ajirekodi. Sisi tutakaa, tutamtazama, tutajibu. Kupiga simu ya video haikuwezekana, maana kazini kwake simu zinafungiwa kabatini mchana kutwa. Rajab akajirekodi dakika kumi na moja, akaiweka kwenye flashi, mwenzake aliyekuwa anarudi likizo akaileta Koboko.

Na pembeni kulikuwa na mwombaji wa pili, muuza magodoro, ana wake wawili tayari, yeye alikuja na miguu yake na uso wake. Mzee Khemis hakumpenda sana, lakini alikuwepo.

Kikao cha kwanza, sebuleni kwa Haboba, wazee wamejaa, video ikaanza vizuri kwenye kompyuta yao ndogo. Dakika ya tatu picha ikaanza kuburuta, ya nne ikaganda, Rajab mdomo wazi, jicho moja limefumba. Sauti ikaendelea mpaka mwisho. Mtu akashauri watazame kwenye simu. Mzee Khemis akakataa: "Ndani ya simu mutu iko kidogo kama nzi. Mimi siwezi patia nzi mtoto wetu." Kikao kikavunjika.

Zaituni akaniletea mashine Arua. Nikaicheza dukani dakika kumi na moja, safi. Nikaicheza tena, safi. Nikabadilisha kadi, nikampa chaja nzito, nikasema nenda, imepona. Kikao cha pili, asubuhi Zaituni akajaribu, safi. Wageni wakaja, dakika ya tatu, ikaganda. Yuleyule Rajab, mdomo wazi. Wazee wakaanza kunong'ona. Mzee Khemis akasema kama mashine imekataa mara mbili mbele ya watu, labda Mungu ana neno. Akaweka kikao cha tatu Jumamosi inayofuata, na hicho ndicho cha mwisho. Ikikataa, jibu litakwenda kwa muuza magodoro.

Zaituni alirudi dukani macho yamevimba. "Anti, hii mashine iko na haya. Tukiwa peke yetu inasema, wageni wakiingia inanyamaza."

Mimi nikasema sasa nitaikomoa. Nikakaa siku nzima naipunguza ile video, maana Rajab alirekodi kwa simu ya kisasa na picha ilikuwa nzito mno. Ikawa nyepesi kweli. Lakini uso wa kijana wa watu ulikuwa kama uji, pua huioni inaishia wapi. Nikamwonyesha Mzee Taban kwa majivuno. Macho yake yote mawili sasa yalikuwa na ukungu, akasogeza uso mpaka ukakaribia kugusa kioo.

"Macho yake iko wapi?"

"Si hayo, Mzee."

"Mimi kipofu naona hakuna. Yule baba anataka ona macho. Rudisha ile ya kwanza." Akainua uso kutoka kwenye kioo. "Jumamosi tunaenda Koboko wote wawili."

Nilishtuka. Alikuwa na mwaka mzima hajatoka nje ya mji, na kwenda msikitini tu alikuwa anashikwa mkono. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe. Akasema, "Hapa dukani iko mzima. Kule nyumbani iko mgonjwa. Sasa unataka tibu nani hapa?"

Tulifika Koboko mapema. Zaituni akawasha, video ikacheza mbele yetu bila hata kukohoa. Mzee Taban akapewa kiti karibu na televisheni. Ile kompyuta ilikuwa kwenye kimeza chini ya hiyo televisheni. Saa nne Haboba akaingia kupamba chumba. Sijui kama mmewahi kuingia nyumba ya Kinubi siku ya wageni. Kila kitu kinavalishwa. Viti vinavalishwa, stuli, birika la chai, redio, vyote vitambaa vya kudarizi kwa mkono, maua mekundu na ya njano ya uzi wa sufu. Ni heshima ya mgeni na ni fahari ya mwenye nyumba. Haboba akachukua kitambaa kizuri kuliko vyote, kizito, kimeshonewa kingine chini, pindo zina vishada, akaivalisha ile kompyuta, akaingiza pindo chini pande zote nne vumbi lisipite.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Niliona kwa macho yangu mawili mazima. Na sikuona kitu! Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye waya.

Mzee Khemis akaja na wazee sita. Salamu ndefu, maji, chai, dua. Zaituni alikaa mlangoni, rimoti mkononi. Akabonyeza. Rajab akatokea, amevaa shati lililopigwa pasi, akatoa salamu, akawataja wazee kwa majina. Dakika ya kwanza, ya pili. Ya tatu, picha ikaanza kuburuta.

Mzee Khemis akashusha kikombe. Akaanza kutafuta fimbo yake. Zaituni akaniangalia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hapo Mzee Taban akasema, bila kupandisha sauti, "Wazee, hii mashine imechoka, tuipe nafasi, tunywe chai kidogo. Dada yangu Halima, mimi naona aibu tangu asubuhi. Nimekaa karibu na hii kazi na macho yangu mabaya, siwezi iona. Ni mkono wa nani?"

Haboba akasema ni mkono wake.

"Wote? Na hii ya chini?"

"Na ya chini. Mwaka mzima."

"Unaweza weka kwa magoti yangu, niione na vidole?"

Mnadhani angekataa? Haboba alinyanyuka kama msichana. Alikivua kile kitambaa mwenyewe, akamtandikia mzee magotini. Mimi niliyekuwa karibu nikasikia joto limetoka pale kimezani kama mtu amefunua chungu. Ndipo nikaelewa. Nilitaka kujipiga makofi.

Maana iko hivi, wanangu. Hizi kompyuta hazina feni. Zikipata joto zinapunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Sauti ni kazi nyepesi, inaendelea. Picha ni kazi nzito, inasimama. Filamu zao za kila siku zilikuwa nyepesi, na siku za kawaida mashine ilikuwa uchi. Mbele ya wageni peke yake ndipo ilipovikwa blanketi, na hapo ikabebeshwa video nzito kuliko zote. Ningeiweka dukani mwaka mzima nisingeupata ugonjwa wake.

Zaituni akasimamisha video, chai ikanywewa. Mashine ikapoa. Mzee Taban anapapasa ua moja moja, anauliza hili rangi gani, na hili, na uzi ulitoka wapi. Haboba anajibu, wazee nao wakaanza kusifu, hata Mzee Khemis akasema marehemu mama yake alikuwa na mkono kama huo. Kisha Mzee Taban akasema, "Mtoto, anza tena mwanzo." Haboba akanyoosha mkono achukue kitambaa akirudishe. "Ngoja, dada yangu, bado sijafika kwa pembe hii."

Video ikaanza. Dakika ya tatu ikapita. Ya nne ikapita. Ya sita, ya nane. Kila Haboba akinyoosha mkono, mzee anakuta ua jipya. Rajab alieleza kazi yake, akaeleza vyumba viwili alivyoanza kujenga, akamwomba Zaituni kwa jina lake na la baba yake. Maneno hayo wazee walikuwa wamekwisha kuyasikia mara mbili. Ilipofika dakika ya kumi maneno yakamwishia. Mara mbili za kwanza sauti ilipofika hapo palikuwa kimya, wakadhani imekatika, wakaanza kuongea wenyewe. Kumbe haikukatika, na mimi dukani nilikuwa natazama mwendo wa picha tu, si mtu. Yule kijana alikuwa amekaa tu anatazama mbele, hajui azime au aseme nini, na machozi yanamtoka, anayafuta kwa mkono wa shati, yanatoka tena. Dakika nzima hivyo. Halafu akasema, "Wazee wangu, nimesahau nilichotaka kusema," ikaisha.

Mzee Khemis alijifuta uso kwa kiganja, akasema, "Huyu iko sema ukweli." Akamgeukia Zaituni. "Na wewe unamtaka?"

"Namtaka, Baba."

Wazee wakasoma Fatiha. Haboba akapiga kigelegele mpaka majirani wakaja uani kuuliza.

Watu walipokuwa wanakula, Mzee Taban akaninong'oneza niihamishe mashine nyuma ya televisheni, niitundike kwa uzi pale pasipofika kitambaa. Nikauliza tumwambie Haboba. "Umwambie nini? Kwamba kazi yake ya mwaka mzima karibu ivunje ndoa ya mjukuu wake? Tundika." Nikatundika. Kitambaa tukakitandika kwenye redio ya zamani isiyowashwa, kikapendeza zaidi.

Tulipoaga, Mzee Khemis akauliza kwa sauti, mbele ya watu wote, nani ameiponya hii mashine. Nikamwangalia Mzee Taban. Alinyoosha kidole kwangu.

"Huyu Adiru. Yeye ndiye fundi. Ikisumbua tena, muite yeye."

Nilitaka kukanusha, akanikanyaga mguu. Yule mtu wa vikao vigumu akanipa mkono, wazee sita wakanipa mkono mmoja mmoja, na mimi nikabaki nainama tu, uso unaniwaka. Njiani nilimwambia amenidanganyia watu. Akajibu amelala, na kweli akalala mpaka Arua.

Kesho yake nilifungua duka. Wateja watatu walikuwa wameshakaa kwenye benchi lao nje. Mzee Taban akaja saa ile ile ya siku zote, kanzu nyeupe, anapapasa ukuta. Nikamvutia kiti chake nyuma ya meza. Hakupita. Alikaa kwenye benchi, mwisho wa mstari, redio ndogo magotini, akangoja zamu yake kama watu wengine. Wale watatu nikawahudumia sijui hata nilifanya nini. Zamu yake ikafika, akasimama, akaiweka redio mbele yangu.

"Fundi," akasema, "redio yangu iko na kelele."

Miaka yote ile, hakuwahi kuniita hivyo. Machozi yalinitoka mbele ya watu na sikujali. Nikaipokea ile redio kwa mikono miwili.